Mwalimu Aliyemeza Mate

Watoto walimwita Mama Redio. Alijua, ila alijifanya hajui. Jina alilipata kwa kazi yake. Nyuma ya ofisi ya shule kulikuwa na chumba, zamani stoo ya madawati mabovu, dirisha limepigiliwa misumari kwa kuogopa wezi. Humo ndimo alimoshinda mwalimu huyo na watoto ambao herufi haziwatulii. Mtoto leo anasoma neno, kesho neno lilelile linamwia geni kama mgeni wa jirani. Wapo waliosema hao ni wajinga, na ukilisema hilo mbele ya Mama Redio, jiandae kugombana naye mpaka chai yako ipoe. Maana wengine kati yao walikuwa na akili za kutisha. Kazi yake ilikuwa kuwasomea. Mtihani ukija, anasoma swali kwa sauti, mtoto anataja herufi ya jibu, yeye anaitia kivuli kwa penseli. Haruhusiwi kueleza, kudokeza, wala kukunja uso.

Mwaka huo mtoto wa kumsomea mtihani wa mwisho alikuwa msichana aliyeitwa Wakili, kwa ubishi. Jamani, mtoto yule! Umwambie tangi linajazwa na mabomba mawili, hujafika mwisho wa swali amekupa jibu, kisha anauliza ni mpumbavu gani ameacha bomba la tatu livuje. Lakini umpe kitabu cha darasa la pili asome mwenyewe, jasho linamchuruzika hadi shingoni.

Mama yake alikuwa msusi, na alikuwa na haja moja tu duniani: binti ashinde, aende ile shule ya bweni ya watoto wenye vipaji, ambako kila mwenye shida ya kusoma anapewa msomaji. Akikosa, ataingia shule ya mtaani, watoto wamebanana kama dagaa, na huko nani ana muda wa kumsomea? Ataitwa mvivu, ataitwa mjinga, na siku moja ataamini. Hilo Mama Redio alilijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa alishawaona wengi waliokwisha kuamini.

Mitihani ya majaribio ikaanza, na Wakili akawa anapata yote. Yote! Mwalimu Mkuu akawa anatembea kifua mbele, akaanza kuwaambia wageni kuhusu "mpango wetu wa vipaji," yeye ambaye chumba chenyewe hajawahi kukipigia hata rangi. Mama Redio naye alifurahi, kwa nini asifurahi? Usiku alilala usingizi mnono.

Kisha siku moja wakiwa kwenye zoezi la hesabu, Mama Redio alikosea. Alikuwa na mafua, akapiga hesabu vibaya kichwani mwake, akaamini jibu ni B. Akasoma majibu yote manne kama kawaida, na Wakili akasema, "B."

Mama Redio akatia kivuli. Baadaye akisahihisha, akaona B si jibu, wala halikaribii. Ni kosa ambalo Wakili hawezi kulifanya hata akiamshwa usingizini.

"Wakili, hii B umeipata wapi?"

"Kwako."

"Kwangu? Mimi nimesoma zote nne!"

"Umesoma zote, Mwalimu, lakini kabla ya B umemeza mate." Mtoto akasema bila wasiwasi, kama anayemwambia mtu kwamba kifungo chake kimefunguka. "Kila jibu unaloona ni sahihi, unameza mate kwanza. Tangu mwaka jana. Kwani hukujua?"

Mama Redio akajishika koo.

"Na wewe ukawa unafuata koo langu?"

"Si kila mara. Nikichoka tu." Wakili akainamisha macho. "Mimi siwezi kusoma karatasi, lakini watu nawasoma. Mama akiniita, najua kama nimekosa kabla hajamaliza jina langu."

Hapo ndipo mwalimu wa watu alipoingia mtegoni, na mtegoni hapo kila alipogeukia alikuta ukuta. Kwanza alikwenda kwa Mwalimu Mkuu, akamweleza, akaomba msomaji mwingine. Mwalimu Mkuu akafunga mlango.

"Majina ya wasomaji yameshapelekwa na kupitishwa. Ukijitoa, mtoto anakaa na karatasi peke yake. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Na ukisema sababu, wakubwa wa mitihani watayafuta hata matokeo ya watoto wote uliowahi kuwasomea. Unataka hivyo?"

"Sitaki, mkuu."

"Basi meza mate yako taratibu," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Akaenda kwa msusi. Alimkuta na kichwa cha mteja magotini, vidole vinakimbia. Mama Wakili alisikiliza, kisha akacheka mpaka mteja akalalamika kwamba anavutwa nywele.

"Mwalimu, na heshima zangu zote, kuna ubaya gani? Wenzake wamepewa macho, wangu amepewa masikio. Mungu hakumnyima kila kitu."

"Lakini majibu yatakuwa yangu, mama. Akifika huko juu wakamkuta hana kitu, watamrudisha."

"Aende kwanza. Mengine atayajua mwenyewe."

Nyumbani alijaribu kujitibu. Alimkalisha mumewe, fundi cherehani, akamsomea maswali kwa sauti kavu, shingo ameifunga kitambaa. Mumewe hakuwahi kumaliza shule, na mambo ya sayansi alikuwa hajui hata moja. Akapata karibu yote.

"Bibie," akasema fundi, huku anajifuta machozi ya kicheko, "sasa ndiyo umezidisha! Zamani ulimeza kama mtu. Leo unameza kama bata!"

Mama Redio hakucheka. Alijaribu kunywa maji kabla, alijaribu kutafuna tangawizi. Koo likishaambiwa lisimeze, haliwazi jingine ila kumeza. Alijiona amefungiwa ndani ya mwili wake mwenyewe, na ufunguo hakuna aliye nao.

Mwishowe akapata njia moja. Akamketisha Wakili akamwambia, "Nikimaliza swali, kabla sijagusa majibu, wewe tafuta jibu lako na uliseme. Nikishasoma majibu, unachagua lile ulilokwisha kulisema. Na swali ambalo hukulijibu kabla sijasoma herufi, tunaliacha tupu. Niapie."

"Hata nikilijua baadaye?"

"Hata ukilijua baadaye. Maana hatutajua nani amelijua."

Wakili akabisha, kama ilivyo desturi yake, kisha akaapa. Na tangu siku ile alifanya kazi kweli. Alama zikashuka kidogo, halafu zikapanda tena, safari hii za kwake mwenyewe. Mama Redio akaanza kupumua.

Siku ya mtihani akaja msimamizi mgeni, mwanamume mrefu aliyebana funguo kiunoni. Akajifungia nao mle stooni, watatu wote, kama sheria inavyotaka. Joto lilikuwa la kukausha samaki. Mama Redio akasoma, Wakili akajibu kabla ya herufi, penseli ikatia kivuli. Swali baada ya swali mtoto alikuwa anapaa. Mama Redio alimpenda siku ile kama aliyemzaa.

Wakafika kwenye swali la sayansi. "Chupa ya maji baridi imewekwa mezani. Baada ya muda, matone ya maji yanaonekana upande wa nje. Maji hayo yametoka wapi?"

Wakili akafumba macho. Midomo ikacheza. Mama Redio akangoja.

"Msomaji, endelea," akasema msimamizi.

"Mtoto anafikiri."

"Msomaji anasoma, hangojei. Soma majibu, au niandike kwamba umekataa?"

Mama Redio akamtazama Wakili, macho bado yamefumbwa. Akatazama funguo za yule bwana. Akasoma. "A, ndani ya chupa. B, mezani." Akameza. "C, hewani. D, kwenye kioo."

Wakili akafumbua macho, akamkodolea mwalimu wake.

"Liache," akasema.

"Kubahatisha hakukatazwi, mtoto," akasema msimamizi, kwa upole kabisa. "Huko ukumbini wenzako wote wanabahatisha."

"Wao wanaweza. Liache, Mwalimu."

Mkono wa Mama Redio ulikuwa juu ya karatasi, na jibu alikuwa nalo. Akalipita swali, akasoma linalofuata.

Matokeo yalipobandikwa, Wakili alikuwa amepungukiwa alama moja. Moja! Mwalimu Mkuu alisema bahati mbaya. Msusi alipokutana na Mama Redio barabarani alivuka upande wa pili, na Mama Redio akaona ni haki yake. Nani angemweleza nini?

Wakili mwenyewe alikuja stooni wiki ile, amevaa sare mpya ya shule ya mtaani, imemzidi mabega.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Lile la chupa. Lilikuwa C, sivyo?"

"C. Hewani."

"Nilikuwa nimeshafika hewani," Wakili akasema. "Nilikuwa najiuliza tu, hewa inawezaje kubeba maji yote yale na sisi tusiyaone. Nilitaka kufungua mdomo. Ndipo ukaanza kusoma, ukameza, na mimi nikashindwa kujua kama ni langu au ni lako. Na nilikuwa nimekuapia."

Machozi yalimtoka Mama Redio, hakuyafuta. "Lilikuwa lako," akasema. "Lilikuwa lako kabisa."

"Basi twende ukamwambie mama."

Mama Redio alisimama, akafika mlangoni, akashika kitasa. Akamwona msusi akiuliza ni nani basi aliyemwapisha mtoto wake aliache jibu lake mwenyewe. Akarudi akakaa.