Siku Niliyompangia Mama Siti Pamoja na Mkwe Wake

Mwandiko wangu mnisamehe tangu hapa juu. Niliishia darasa la saba na herufi zangu hulala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo, na mkikuta neno nimelikosea lisomeni kwa sauti, mtalijua tu. Naandika polepole, ukurasa mmoja hunimalizia jioni nzima. Ila jambo hili nimekaa nalo kwa aibu miaka mitano sasa, na kulisema kwa mdomo siwezi, maana mimi ni mtu wa kuona haya (hata dukani huwa nasubiri wote wahudumiwe waondoke ndipo niseme nataka chumvi), kwa hiyo nimeona bora nijaribu kwa kalamu.

Dada yangu Halima ameolewa na anaishi Dar es Salaam. Mwaka ule aliugua tumbo, akaonekana ana uvimbe, na wakati anahangaika na hospitali watoto wake watatu waliletwa kwetu Sepuka tukae nao. Shabani alikuwa na miaka minne, na mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa hawajatimiza miwili. Tukakaa nao miezi mitatu. Doto alinizoea mimi, analala mgongoni kwangu nikipepeta, nikipika, hata nikienda kisimani, na Kulwa akamzoea Mama. Basi dada akapewa siku ya kupasuliwa, akasema kabla hajaingia kule ndani anataka kumwona mama yake na watoto wake, na akitoka anataka Mama akae naye mpaka apone, kwa sababu mumewe ana kazi na hapo nyumbani hakuna mwingine wa kumwosha.

Shemeji, Baba Shabani, akaja kutuchukua. Akasema kutoka Dodoma tutapanda ndege, maana mapacha wale kwenye gari walikuwa wanatapika kwa zamu, mmoja akimaliza mwenzake anaanza, na dada alikuwa anaingia kupasuliwa asubuhi inayofuata siku ya safari.

Sasa niwaeleze kidogo wasiojua ya kwetu. Mama na mkwe wake mwanamume hawakai pamoja, hawali pamoja, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja anapinda kwenye majani mpaka mwenzake apite. Hiyo si chuki, ni heshima, na kadiri mtu anavyompenda mkwe wake ndivyo anavyomkaa mbali. Shemeji naye ni Mnyaturu wa Ikungi, analijua hilo toka utotoni. Miaka sita ya ndoa yote walikuwa wanaongea kupitia kwangu. Mama yuko jikoni anasema, "Zaituni, mwambie Baba Shabani chai iko tayari," na Baba Shabani yuko hapo nje hatua tatu, amesikia kila neno, lakini anasubiri nitoke nimwambie, halafu anasema, "Mwambie Mama nashukuru," na Mama naye amesikia, na mimi narudi jikoni namwambia anashukuru.

Usiku wa kuamkia safari Mama aliniambia, "Naenda kwa ajili ya Halima. Lakini huko kwenye ndege mnikalishe mbali na yule. Nikiaibika mbele za watu nageuza hapohapo, na Halima atanisamehe." Ninamjua mama yangu. Akisema anageuza, anageuza kweli. Na akigeuza, dada angelala hospitali bila mtu wake.

Kwenye basi mambo yalikwenda vizuri. Mama alikaa nyuma ya dereva, shemeji siti za mwisho kabisa pamoja na mizigo, mimi katikati na watoto, na matapishi tuliyafuta na mapacha wakalala. Balaa ni pale uwanja wa ndege Dodoma. Tulipofika tu simu ya shemeji ikalia, walikuwa watu wa hospitali, akanipa karatasi na vitambulisho akasema, "Zai, nenda pale kaunta, wanataka kupanga siti. Waambie wawaweke watoto karibu na wakubwa wao." Akasogea pembeni kuongea.

Jamani, mimi na kaunta. Dada aliyekuwa pale alikuwa wa rika langu, amependeza, anaongea haraka huku vidole vinacheza kwenye kompyuta.

"Mko wangapi?"

"Wakubwa watatu. Na watoto."

"Wa kupakata wangapi?"

"Wawili."

"Wa kupakata wawili siwaweki upande mmoja, kwa sababu vile vya kupumulia hewa ya dharura kila upande vimezidi siti kwa kimoja tu. Kwa hiyo kuna siti nne mstari mmoja, mbili huku, mbili huku, katikati njia. Bibi na pacha mmoja upande huu, wewe na pacha mwingine upande ule. Sawa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na huyu mkubwa? Akae na wewe au na bibi yake?"

Nikamtazama Shabani. Muda huo alikuwa analamba ukingo wa kaunta. Nikawaza Mama atakuwa amempakata Kulwa, na Kulwa ana mateke, halafu nimwongezee na huyu, nitakuwa nimemwonea mtu mzima. Nikasema, "Na mimi."

"Sauti."

"Na mimi."

Kadi zikatoka. Niliondoka pale nimevimba kichwa, naona leo nimefanya kazi ya mtu aliyesoma. Hesabu yenyewe ilikuwa ya darasa la kwanza. Siti nne, mbili huku na mbili huku, ukishaniweka mimi na Shabani upande mmoja, kule kwa Mama anabaki nani? Lakini mimi nilikuwa nimehesabu watoto tu, wakubwa sikuwahesabu.

Tukaingia ndani ya ndege. Mama akakaa dirishani, Kulwa mapajani, wamefungwa mikanda, Mama amefumba macho anasoma dua. Mimi ng'ambo ya njia na Doto, Shabani dirishani kwangu. Shemeji akaingia mwisho kabisa, bado ana simu mkononi. Akaja anasoma namba, akafika kwetu, akaitazama kadi yake, akaitazama siti iliyo wazi, akamwona aliye pembeni yake. Akasimama pale pale katikati ya njia.

Mhudumu wa ndege akaja. "Baba, kaa tafadhali, tunafunga mlango."

"Nitasimama tu dada, si mbali."

Watu wakacheka. Mhudumu akasema kwa upole, "Kwenye ndege hatusimami, baba."

Hapo Mama akafumbua macho. Akamwona. Akavuta khanga akajifunika kichwa, uso, mabega, na Kulwa akabaki humohumo ndani. Kulwa alikuwa anaogopa giza, akaanza kulia kwa nguvu. Doto aliposikia mwenzake analia naye akaanza, ndivyo walivyokuwa, hawajui sababu lakini wanasaidiana. Shabani akapanda juu ya siti ili awaeleze watu. "Bibi anajificha," akasema, "anamwogopa baba."

Mhudumu akainama kwangu. "Dada, kuna tatizo gani hapa?"

Ndege nzima inanitazama. Nilitakiwa niseme tu kwamba huyu ni mkwe wake, wabadilishieni siti, basi. Lakini nitasemaje jambo hilo mbele yake yeye mkwe na mbele ya Mama, na watu wote wanasikiliza? Mdomo wangu ukatafuta kitu kingine chepesi. Ukasema, "Mama anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Tumbo," nikasema (maana tumbo la dada ndilo lililokuwa kichwani kwangu wiki nzima).

Uso wa mhudumu ukabadilika. Akamwita mwenzake, na mwenzake akauliza abiria kama kuna muuguzi, na nyuma akainuka mama mmoja mnene mwenye miwani, akaja akashika mkono wa Mama juu ya khanga. "Mama, pole. Unanisikia?"

Mama kimya. Angesemaje wakati mkwe amesimama hapo hatua moja?

"Haitiki," yule muuguzi akasema. "Na huyu mtoto humo ndani mtoeni, atakosa hewa."

Mhudumu akasema, "Kama hali ndiyo hii hatuwezi kuruka naye. Itabidi ashuke, na mmoja wenu ashuke naye."

Kichwani nikamwona Halima kitandani anageuza shingo kila mlango ukifunguka. Shemeji naye jasho linamtoka, akaniambia, "Zai, mwambie Mama aseme neno lolote."

Nikasogeza kichwa upande wa pili wa njia. "Mama, Baba Shabani anasema useme neno lolote."

Muuguzi akamtazama shemeji, akanitazama mimi, akaitazama ile khanga. "Kwani yeye mwenyewe hana mdomo?"

Ndipo Mama alipoivuta khanga ikashuka mabegani. Kichwa wazi, mvi zote nje, mbele ya mkwe wake. Shemeji aligeuka haraka kutazama nyuma mpaka akagonga paji kwenye kabati la mizigo, na mlio wake tuliusikia wote.

"Mimi siumwi," Mama akasema. "Huyo ni mume wa mwanangu. Mwanangu anapasuliwa kesho asubuhi na mimi nataka kufika. Nikalisheni na mtu yeyote, hata na rubani, ila si huyo."

Watu wakacheka, si kicheko kibaya, lakini siku ile kwangu vilikuwa vyote sawa. Yule muuguzi alicheka zaidi ya wote. "Ungesema toka mwanzo, mwanangu," akaniambia. "Mimi Mnyiramba wa Ulemo. Mkwe wangu nikimwona sokoni naingia duka lolote lililo karibu, juzi niliingia kinyozi." Akampa shemeji siti yake ya nyuma, akakaa yeye na Mama, akamchukua Kulwa, na Kulwa akanyamaza kwa kushika miwani yake.

Njia nzima Mama hakunitazama hata mara moja. Shabani kila bati lililong'aa huko chini aliniuliza kama ni la kwetu, na nilimjibu ndiyo, ndiyo, sina nguvu ya kubisha. Doto alinilalia kifuani, mzito, amelowa jasho la kulia.

Dar es Salaam tukatoka nje, Mama akatafuta benchi akakaa na mfuko wake mapajani. "Zaituni," akasema, "nitafutie basi la kurudi."

Nikamwita Mama, nikaomba msamaha, nikalia, hakugeuka. Akasema, "Umenifanya mgonjwa, umenifanya bubu, na nimemwonyesha mkwe kichwa changu. Nitakaaje kwenye nyumba yake?" Shemeji alikuwa amesimama mbali kidogo, ametupa mgongo, simu sikioni. Akaishusha, akaita bila kugeuka.

"Zai, mwambie Mama, Halima yuko kwenye simu. Anauliza kama mama yake ameshafika. Nimjibu nini?"

Mama alikuwa amesikia, lakini nilimwendea nikamwambia neno kwa neno. Akamfuta Kulwa makamasi. Akamfunga Shabani kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri tu.

"Mwambie ajibu nimefika."

Nikaenda nikasema. Shemeji akaongea na simu, kisha akasema nimwambie Mama sisi tupande teksi, yeye atafuata na bodaboda. Nikarudisha habari.

"Na mizigo yote ile?" Mama akasema. "Mwambie apande mbele na dereva, sisi tutakaa nyuma na watoto. Amesimama vya kutosha leo."

Nilipomfikishia niliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko, bado ametupa mgongo. Nikageuka, na Mama naye alikuwa amejifunika mdomo.

Dada alipasuliwa salama. Mama alikaa naye miezi minne, na nyumba ile ina milango miwili, wakajua kuitumia. Mimi nilirudi Sepuka baada ya wiki mbili, peke yangu, na kwenye basi nilikuwa najishika kifuani kila linaporuka shimo, kumbe nimezoea kumzuia Doto asigonge. Mpaka leo sijapata mzigo unaolala vizuri namna ile. Sasa mapacha wako shule, meno ya mbele yamewang'oka, wakija likizo wananiamkia shikamoo mama mdogo kisha wanakimbia, hawakumbuki mgongo wangu hata kidogo. Ningepewa siku moja ya kurudi, ningechagua ileile, na aibu yake yote, nikae pale ndani ya ndege na uzito ule kifuani, na Shabani ananiuliza bati la kwetu ni lipi.

Ila nimeapa. Nikiulizwa tena watoto wakae na nani, nitauliza kwanza wakubwa wanakaa na nani, na kama kuna neno la aibu la kusema nitalisema palepale kaunta, hata kwa kunong'ona, kabla halijapanda ndege na sisi.

Nanyi mniandikie. Aliyewahi kusafiri na watoto wadogo na wakwe kwa pamoja anieleze aliwapangaje, nami nitajibu, mnivumilie tu kwa kuchelewa. Barua zikija huwa namsomea Mama kwa sauti, kwa hiyo mkitaka kucheka, nichekeni mimi.