Mfuniko wa Shimo la Laurenti

Yuliana hakulia mumewe alipokufa. Hakulia hospitali, hakulia kanisani, hakulia makaburini Kola. Wifi yake Rosa, aliyeteremka kutoka Mgeta na gunia la njegere na machozi ya kutosha ukoo mzima, alimvizia siku saba, kisha akaanza kunong'ona jikoni kwamba huyu mwanamke ana roho ya jiwe. Yuliana alimsikia. Hata hilo halikumuuma. Kifua chake kilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: unajua ni wako, basi.

Kilichomsumbua ni choo.

Msiba wa Kihonda haufungi mlango. Watu wasiopungua mia walikula, wakanywa chai na kutumia choo kimoja wiki nzima. Laurenti alikuwa akijisifu kwamba shimo lake, alilolichimbisha mwenyewe kwa vipimo vyake, halitajaa yeye akiwa hai. Alisema kweli. Lilijaa kabla ya arobaini yake.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Misa ya arobaini ni Jumamosi, na watu wa Mgeta walikuwa wanakuja basi zima. Maji ya bafuni yalikuwa yanarudi juu, meusi, yakifika kwenye vifundo vya miguu. Ndipo Yuliana akapiga simu, na saa nne asubuhi gari la kunyonya majitaka likaingia kinyumenyume getini, majirani wakifunga madirisha.

"Shikamoo mama. Pole na msiba," alisema dereva, Salum, mtu mpole mwenye buti za mpira zinazofika magotini. "Mfuniko uko wapi?"

Mfuniko alikuwa anaujua Laurenti. Miaka minane nyuma, alipostaafu ukarani wa stoo, alikataa fundi, akausakafia ua wote kwa mikono yake. Ndiyo kazi pekee ya nyumba aliyowahi kuianza akaimaliza. Mfuniko wa shimo aliupitishia saruji ili mende wasipande, na juu yake akaweka tairi la trekta lililojaa udongo, akapanda mchaichai. Yuliana aliligombeza tairi hilo miaka yote minane. "Katikati ya ua, Laurenti! Hapa ni kwangu au gereji?" Mwanamume akicheka, akichuma jani la chai yake. "Hapo niachie mimi," alisema, kama alivyosema kwa kila jambo la shimo.

Siku ya msiba vijana walilikokota tairi hadi ukutani wapate kusimamisha turubai. Kisha yakapikwa masufuria ya pilau, sakafu ikajaa mabaka ya mviringo kila mahali, ikasuguliwa kwa sabuni. Leo Yuliana alisimama katikati ya ua, akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakukumbuka tairi lilikaa wapi. Alijiona kama mtu aliyeulizwa jina la mumewe akalikosa.

Salum aligonga sakafu kwa mtaimbo, huku akitega sikio. Laurenti hakuwa bahili wa saruji. Kote kulilia sauti moja.

"Mimi kunyonya ni elfu tisini, mama," alisema hatimaye. "Lakini nikianza kuvunja kwa kubahatisha, ua huu fundi atakudai laki tano na zaidi."

"Vunja!" alisema Rosa kutoka mlangoni. "Wageni watajisaidia wapi?"

Salum alimtazama mwenye nyumba.

"Vunja," alisema Yuliana, kama vile ua ni wa jirani. Akajitwisha beseni la nguo zilizofuliwa, akaondoka bombani kwenda kuanika.

Mtaimbo uliinuliwa, ukabaki hewani.

"Mama, hapo umekwepa nini?"

"Nimekwepa?"

"Rudi bombani, uje tena."

Alirudi, akaja. Safari hii alijitahidi kunyoosha njia, lakini miguu ilimkatalia: ilipofika karibu na kamba ya nguo, ilipinda kushoto, ikazunguka nusu duara kama ilivyozoea, ikanyooka tena. Pale chini hapakuwa na kitu chochote. Salum akaokota kipande cha mkaa, akachora mahali ambapo miguu haikukanyaga, akapiga mara tatu. Saruji ikakatika. Chini yake pete ya chuma, imeshika kutu.

"Huyu mzee alijua kazi," alisema Salum.

Yuliana aliitikia kwa kichwa. Bado kifuani hakusikia kitu.

Mpira ulishushwa, pampu ikanguruma, harufu ikapanda hadi kwa majirani wa mtaa wa pili. Baada ya muda Salum akazima.

"Mbona umezima?" Yuliana aliinamia shimo, kwa sauti ya mtu asiyekubali kupunjwa. "Bado taka imo. Naiona."

"Tunabakiza kidogo, mama. Ya zamani ndiyo inayoiozesha mpya. Nikikomba yote, shimo litakaa miezi linanuka tu."

"Ya zamani," alisema Yuliana. "Ya tangu lini?"

"Ya wote mliokaa humu."

Jumamosi, baada ya misa, vitu vya Laurenti vingegawanywa: mashati, redio, baiskeli, hata kofia. Rosa alikwisha kuandika orodha. Yuliana aliisoma jana bila kubadilisha hata neno moja. Sasa alitazama kile kitope cheusi kule chini, ambacho hakuna ndugu wa Mgeta angekigombania. Akakaa ukingoni, kwenye saruji ya mumewe, akalia kwa sauti kubwa, kamasi zikimtoka kama mtoto.

Rosa alikuja mbio, khanga puani.

"Wifi! Ni nini?"

"Harufu," alisema Yuliana.

Rosa aliamini. Akampa ncha ya khanga ajifute, akamsihi aingie ndani mpaka hewa itulie. Yuliana alikataa. Alikaa pale pale mpaka mfuniko uliporudishwa, kisha akasema tairi lirudishwe mahali pake, na hilo turubai la Jumamosi litafute pengine pa kusimama.