Nilikwenda Birmingham Kushona Gauni la Raya

Mwezi wa pili mwaka 2007 mdogo wangu Hemedi alinipigia simu kutoka Birmingham, akanong'ona utadhani ameiba. Binti yake Raya, mwenye miaka saba, amepata nafasi ya kwenda kupimwa sauti kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha watoto wenye vipaji. Magauni ya madukani yote yanaacha mabega wazi. "Dada, njoo utushonee," alisema. "Na usimwambie mtu. Macho ya watu unayajua." Mimi ni fundi wa magauni ya maharusi hapa Tanga, na sifa nazipenda, kwa hiyo nilikubali kabla hajamaliza. Majirani niliwaambia naenda kusalimia tu.

Viza ilipotoka, sikukawia. Jumapili mchana, baada ya kubadilisha ndege Dubai, nilitua Birmingham na baridi ikanikamata masikio. Hemedi alinipeleka kwake Balsall Heath, mtaa wa nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta, na maduka yanayonukia bizari hadi barabarani. Nilizubaa kama mtoto. Wifi yangu Mwanaisha alinipokea kwa chai na vitumbua, akanionyesha cherehani aliyoazima kwa jirani, Mama Hodan, Msomali aliyekulia Mombasa. "Nimemwambia unashona gauni la harusi," akanionya.

Saa kumi na moja jioni siku hiyo hiyo, Mwanaisha alifunga madirisha, akapandisha sauti ya televisheni, akamwingiza Raya kwenye kabati la chini ya ngazi, katikati ya makoti. Nilidhani mtoto anaadhibiwa. Kisha sauti ikatoka. Ulikuwa wimbo mfupi wa Kiingereza aliofundishwa shuleni, maneno yake sikuyashika hata nusu, lakini mkono wangu uliganda juu ya cherehani. Nimezunguka nyumba za harusi miaka ishirini na mitano, nimesikia waimbaji wa kulipwa, ila sauti ya kunifanya nione haya hata kupumua sikuwahi kuisikia. Ilipanda bila kujikaza, ikakaa huko juu, ikashuka taratibu. Nililia, sifichi.

Jumatatu, nikimpima mabega, nilimwomba aimbe. Raya alitazama zulia. "I can't, Shangazi. You're looking at me," alisema, na Kiingereza hicho hata mimi nilikielewa. Nikamwambia basi ageukie ukuta. Akageuka, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Miezi mitatu amefanya mazoezi gizani, na hakuna aliyewahi kumtazama akiimba. Jumamosi angesimama mbele ya watu asiowajua.

Baada ya chakula niliwaambia wazazi wake. Mwanaisha alikasirika. "Wifi, mtoto wa binamu yangu alisifiwa kusoma, wiki hiyo hiyo akalazwa. Mimi husuda naiogopa."

"Husuda haijamgusa," nilimjibu, maana ulimi wangu hauna breki. "Tuliomgusa ni sisi. Ameshajua kwamba kuimba ni jambo la kuficha."

Hemedi alikusanya sahani, akazipeleka jikoni.

Jumanne Raya aliimba mlango wa kabati ukiwa wazi kidogo. Jumatano aliimba jikoni, mimi nikijifanya nashughulika na pindo. Nikiinua macho, anaukatiza wimbo. Kila mara akianza kuimba, mama yake aliondoka kwa hofu.

Alhamisi jioni nilifanya jambo nisilotumwa: nilimwita Mama Hodan aje kuiona kazi ya cherehani yake. Mwanaisha alibadilika uso. Mama Hodan aliingia, akamwona Raya ndani ya gauni la zambarau, akiunong'ona ule wimbo, akapiga makofi.

"Kumbe ni wewe unayeimba! Mimi kila saa kumi na moja nazima blenda nisikie vizuri. Mzee wangu akiongea namwambia shh! Miezi mitatu sasa. Nimeogopa kuuliza, msije mkanyamaza."

"Na hukumwambia mtu?" Mwanaisha aliuliza.

"Nimwambie nani? Nilikuwa namwombea dua tu."

Wifi yangu alikaa polepole kwenye mkono wa kochi. Raya alimtazama Mama Hodan machoni, akamwimbia. Wimbo ulipokwisha Mwanaisha alikuwa bado amekaa palepale.

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuta foleni imelizunguka jengo zima. Sijawahi kuona kitu kama kile. Kuna mtoto alikuwa akipasua msamba juu ya lami yenye maji, mwingine akipuliza tarumbeta kubwa kuliko kifua chake, na kila mmoja ana watu wake wanaomwamini kabisa. Tulisimama saa sita. Ndani aliruhusiwa mtu mzima mmoja tu, na Raya akamshika mama yake mkono. "Mama, you look at me, okay?" alimsihi, yaani amtazame.

Nilichungulia kwenye kioo cha mlango. Hakukuwa na kamera wala jukwaa. Kulikuwa na meza moja na msichana mwenye karatasi. Raya aliinua kidevu, akaimba wimbo wote. Msichana aliweka kalamu chini, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, kama Mwanaisha alivyonieleza baadaye, sauti ni nzuri sana, ila mwaka huu hapana.

Koridoni, mwanamke mmoja wa Kiingereza aliyekuwa kwenye foleni na mwanawe alimuuliza Mwanaisha kama binti anaimba vizuri. Nilingoja lile jibu letu la kuficha, "anajaribu tu."

"Anaimba vizuri sana," Mwanaisha alimjibu kwa Kiingereza. "Raya, mwimbie."

Raya akaimba, na ile tarumbeta ikanyamaza.

Nilirudi Tanga wiki iliyofuata. Nimejifunza kwamba mtoto ukimficha kwa mapenzi, yeye mapenzi hayaoni, anaona kufichwa tu. Wateja wangu wameniuliza nimeona nini huko Ulaya, wakitegemea theluji na magorofa. Nimewaambia nilimwona mama amesimama mbele za watu, macho hayabanduki kwa mwanawe, akisema: huyu ni wangu.