Kipupwe cha Anderlecht

Nakumbuka siku moja ya baridi kule Anderlecht, Ubelgiji, miaka ya tisini. Tulikuwa wanne: Bibi Mwamini, aliyetoka Bujumbura juzi juzi tu, mtoto wake Salumu, mke wa Salumu aitwaye Zaina, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, na mimi. Mashine ya kupasha nyumba joto ilikuwa imekufa, na mwenye nyumba hapokei simu.

Bibi alituona tunatetemeka, akacheka. "Batoto ya Ulaya, hii ni kipupwe tu."

"Bon, maman, basi tuzime frigo, nyama ilale inje," Zaina akamjibu.

Kipupwe, mwanangu, ni ule upepo wa baridi wa kiangazi. Bibi alituambia neno lilikuja na watu wa pwani, likapita Ujiji mpaka mtaani kwetu Buyenzi, Bujumbura, na kwamba limetoka kwenye kupuputika kwa majani. Kwetu kikija, unawasha makaa kwenye mbabura, lile jiko la makaa, unaiingiza chumbani, mnaizunguka mnapiga hadithi. Nyumba zetu zilipitisha upepo kila pahali.

Salumu akaenda kazini, kusafisha ofisi upande wa Schuman. Mimi nikaenda Molenbeek kutafuta mablanketi. Huku nyuma Bibi akawasha mbabura yetu ya kuchomea nyama, akaitoa kibarazani, akaiweka chumbani, akaziba dirisha kwa matambara. Zaina akajilaza karibu na moto.

Niliporudi, chumba kilikuwa na joto zuri. Hilo ndilo halinitoki. Joto zuri, wala moshi hakuna. Bibi alikuwa ameanguka mlangoni, nikamzindua. Zaina hakuamka.

Mwaka uliofuata, majani yalipoanza kuanguka, nikasema, "Maman, kipupwe kimerudi."

Akanitazama sana. "Usiite ivyo. Kipupwe haikuuwa mutu kwetu. Iyi iko na jina yake, uliza benyewe." Tangu hapo mpaka anazikwa aliiita hiver, majira ya baridi kwa Kifaransa, kama Wabelgiji.

Basi, mwanangu, ukifika nchi ya watu, usiipe baridi yao jina la nyumbani kabla hujawauliza wanaishije nayo. Makaa usiyaingize ndani hata ukitetemeka vipi, hewa yake huua bila moshi. Gonga kwa jirani, aibu haiui. Mungu akupe nyumba yenye joto na yenye pumzi, na akuamshe kila asubuhi.

Na wewe uliyemsikia Bibi Mwamini kule Buyenzi, kama asili ya neno nimeikosea, nirekebishe. Jina la Zaina sijalikosea.