Fundi Maher na Gari ya Wagonjwa

Kengeja nzima ilijua kwamba Maher Nyange hapendi gari yenye kompyuta. Wala hakulificha hilo. "Chuma kikiumwa hukwambia," alikuwa akisema, mikono imejaa grisi. "Hiki cha umeme hununa tu, hujui umekikosea nini."

Na nani wa kumbishia? Malori ya abiria yaendayo Mkoani yalikuwa hai kwa mikono yake. Pampu ya dizeli aliifungua na kuifunga huku akipiga soga. Vyama vya siasa vilipoingia, watu wakafika hadi kususiana mazishi, yeye alitengeneza gari za upande huu na za upande ule, na aliyemuuliza kwa nini aliambiwa ashike spana asaidie. Kwa hilo pekee mtu huyu anastahili heshima yake.

Basi watoto wa kijiji walioko Maskati wakaleta gari ya kubebea wagonjwa, nyeupe, ina kitanda, injini yake huisikii. Aliyefurahi kuliko wote ni Bi Umkulthum, dada yake mkubwa Maher. Alikuwa na kidonda cha sukari mguuni, na kila wiki ilikuwa lazima akasafishwe hospitali Mkoani. Kupanda lori kwa mguu ule ilikuwa adhabu.

Maher alipokabidhiwa gari aiangalie, aliifanyia alichoifanyia kila gari maishani mwake. Chumvi ya bahari haina simile na chuma, na dawa aliyorithi kwa baba yake, fundi wa mashua, ni sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa mbao za vyombo. Akaingia chini, akapaka chesisi yote. Akaona nyaya zimekaa uchi, akazionea huruma, nazo akazipaka, tena mara mbili. Gari ikanuka soko la samaki, lakini fundi kasema, na fundi hakosolewi.

Haikuchukua muda, gari ikazimika njiani, Bi Umkulthum yumo ndani. Dashibodi iliwaka taa zote. Nassor, dereva wa gari hiyo, aligeuza ufunguo mpaka kidole kikauma, wapi! Bibi wa watu akarudishwa nyumbani kwa gari ya ng'ombe, mguu umevimba.

"Si n'likwambieni?" akasema Maher barazani, na sauti yake ilikuwa na raha isiyopendeza.

Wazee wa kamati ya kijiji wakamwamini. Wakakata shauri kwamba Ijumaa baada ya sala gari iuzwe, itafutwe ya kizamani, ya chuma. Hiyo ya kizamani ingepatikana wapi, hakuna aliyejua. Bi Umkulthum aliposikia hakulia. Alimwita mdogo wake, akamwambia: "Daktari asema n'kikosa kusafishwa, mguu wakatwa. Sasa lori ntalipandaje, Maher?"

Neno lile lilimchoma. Alhamisi asubuhi alikwenda kwenye gari peke yake, akainua boneti. Hakujua aanzie wapi, na kwa mara ya kwanza hakujifanya kujua. Akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Nyuma ya betri kidole kikasita. Waya umetafunwa. Na wa pili yake pia, na pembeni mavi ya panya yametapakaa. Akainama akanusa: papa. Panya walifuata kitoweo, na aliyewaandalia ni yeye.

Hapo ndipo mtu hupimwa. Hakuna aliyemwona. Angefunga boneti tu, gari ingeuzwa, na jina lake lingebaki juu. Maher alikaa juu ya tairi bovu, jasho linamtoka, akamwomba Mungu amfanyie wepesi.

Ijumaa, kamati ilipokutana nje ya msikiti, alisimama.

"Gari haina ila, jamaa. N'loiua ni miye. N'lizipaka nyaya sifa, panya wakazila."

Mmoja akacheka, kisha wote wakaangua. Walimcheka kweli kweli, bila huruma, naye akasimama pale pale mpaka kicheko kikaisha. Kisha akaomba jambo ambalo hajawahi kuliomba: aitwe Steven, mtu wa bara anayetengeneza umeme wa magari Chake Chake, aje amfundishe.

Steven akaja. Maher alimshikia nyaya na kumuuliza maswali kama mwanafunzi mgeni. Wakaosha sifa yote kwa sabuni, wakaunga palipokatika, wakavika nyaya mipira. Taa za dashibodi zikazimika.

Siku ya kliniki, Bi Umkulthum aliletwa hadi mlangoni mwa gari. Hakuitazama gari, alimtazama mdogo wake usoni.

"Itafika?"

Fundi aliyezoea kuapa kwamba gari yake itakwenda na kurudi alisita.

"Siijui yote, dada," akasema. "Lakini waya wake hapana n'siougusa. Panda."

Bi Umkulthum akampa mkono, akapanda.