Keki Yenye Kilima

Sogea karibu nikusimulie, na ukicheka, cheka taratibu, maana aibu hii bado haijapoa. Mimi ni mwanafizikia wa chembe, zile zilizo ndogo hata kuliko atomu. Tunazigonganisha, tunahesabu kinachotoka, kisha tunaandika makala ambayo majina ya waandishi peke yake yanajaza kurasa (langu liko mwishoni kabisa, kosa la alfabeti). Sheria yetu kubwa ni moja: matokeo ambayo kundi zima la watafiti halijayapitisha hayatoki nje.

Basi Jumamosi moja nikaendesha gari kutoka Gaithersburg hadi Lanham, huku huku Maryland, kula kwa shangazi, aliyenipokea nilipokuja Marekani kusoma, na ambaye miaka yote alikuwa akiniuliza, "Hivi mwanangu, kazi yako hasa ni nini?" Siku hiyo nikaamua kumwelewesha. Nikamwaga maharage mezani, nikayapanga mafungu kwa ukubwa, nikamwambia kila harage ni mgongano mmoja, na fungu moja likiyazidi mengine kupita kiasi, huenda pale pana chembe mpya. Kisha (hapa ndipo nilipojimaliza) nikafungua kompyuta nikamwonyesha grafu yangu ya kweli, yenye kilima katikati.

"Kwa hiyo hicho kilima ni chako?"

"Huenda, shangazi. Bado tunakagua."

"Huenda ya nini, na mimi nakiona kwa macho yangu!"

Akakipiga picha kwa simu. Nilimwona, nikamwacha, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza alikuwa amenielewa.

Jumapili iliyofuata akaniita ukumbi wa kanisa, nikadhani ni kipaimara cha mtoto wa mtu, kumbe sherehe ni yangu: keki kubwa yenye kilima cha krimu ya buluu, namba za grafu zote zimeandikwa juu yake, na MC, kijana wa Kikenya, anapaza sauti, "Wasee, dada yetu amediscover chembe mpya! Makofi!" Ningekana pale pale. Lakini shangazi alikuwa analia kwa furaha, nikashika kisu, nikakata, nikalishwa, na video ikasambaa.

Jumatatu kiongozi wa kundi letu akafungua mkutano kwa kuionyesha keki ile ukutani. "Hii ni grafu yetu?" akauliza kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Kabla sijajibu, mwenzangu mmoja akasema, kwa huruma, kwamba ameipitia programu yangu ya kuhesabia na kuna migongano nimeihesabu mara mbili. Ukiirekebisha, kilima hakipo. Yaani nilikuwa nimevujisha siri, na siri yenyewe si kweli.

Hotuba niliyokuwa niitoe kiangazi akapewa mwingine, na ile nafasi ya kudumu niliyoingoja miaka yote haitajwi tena mbele yangu. Shangazi nilimweleza kwa maharage yale yale, nikiondoa moja moja hadi mafungu yakalingana. Akayatazama, kisha akafungua friza.

"Kipande chenye kilima nilikuwekea. Sasa nikitupe?"

Nikaufunga mlango wa friza. Kipo humo mpaka leo.

Nawe, mwenzangu, ukiona kilima kwenye hesabu zako, usikurupuke, ila funika kompyuta, hesabu upya tangu harage la kwanza, na mpe mwingine naye ahesabu, kabla hujamwita shangazi.