Mpira wa Sista

Nimeanza kuandika hii mara tatu nikachana. Sina uhakika kama nakumbuka kila neno sawasawa, lakini nitajaribu nisimdhulumu mtu.

Sista alikaa na sisi Machakos miaka mingi, akifundisha katekisimu na kutembelea wagonjwa. Kwao ni Ayalandi. Huko wako na mchezo wa zamani unaitwa hurling: watu wanapiga mpira mdogo kwa fimbo bapa, wakikimbia kama wamefukuzwa na nyuki. Mimi ni fundi wa viatu karibu na soko. Alikuwa akikaa kwa kigoda changu ananionyesha mechi kwa simu, huku akiwafokea wachezaji ambao hawamsikii.

Alipokaribia kurudi kwao aliniletea mpira wake mwenyewe. Ulikuwa unajaa kiganjani, ngozi imekuwa nyeusi, uzi umeachia mahali pamoja. Aliuchezea akiwa msichana, na sasa kaka yake alikuwa anamngoja waupige tena kwa ule uwanja wa kijijini kwao, hata kama ni mara moja tu.

"Shona hapo, fundi," aliniambia akiweka kidole. "Hapo tu."

Jumapili hiyo jumuiya yetu ya kanisa ilikaa kuchagua zawadi ya kumuaga. Mama mmoja akasema twiga wa kuchonga.

"Twiga watatu ashapewa," mwenyekiti akajibu. "Ama anaenda kufungua mbuga?"

Mwingine akataja kikapu cha kyondo, mwingine shuka. Nikainua mkono, na mimi huwa siinui. Nikasema apewe kitu cha ule mchezo anaopenda. Mpira wake niko nao, naweza kuufanya mpya kabisa, uwe zawadi yetu sote.

"Aiya, fundi! Kumbe uko na akili na ulikuwa umeificha ndani ya viatu," mzee mmoja akasema. Watu wakacheka, na hicho kicheko kilinipendeza kuliko inavyofaa. Jumuiya siilaumu. Hawakujua Sista aliniambia nini. Mimi nilijua.

Nikavua ngozi yote. Nikakata mpya, laini. Mshono wa zamani ulikuwa umesimama kwa nje kama tuta la shamba, nikaona ni kazi ya mtu aliyekuwa na haraka. Wangu nikaulaza ndani, hata ukipapasa huusikii. Nikapaka rangi nyeupe. Ile ngozi nyeusi sikutupa, sisi mafundi hatutupi ngozi. Nikaikata viraka.

Alipokabidhiwa kanisani akina mama walipiga vigelegele. Sista aliugeuza mpira, akaugeuza tena. Kidole chake gumba kilikuwa kinatafuta kitu. "Mzuri sana," akasema, na akatushukuru wote.

Kesho yake alikuja kibandani na fimbo yake. Akaweka mpira chini, akajaribu kuuinua kwa ncha ya fimbo. Ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza mpaka kwa miguu ya mteja.

"Ule mshono uliosimama, fundi, ndio fimbo na mkono hushikia," akanieleza, bila hasira. "Si kitu. Nipe ile ngozi ya zamani, kaka yangu atatafuta mtu wa kuirudisha."

Kwa haki, hakuwa amenieleza kazi ya ule mshono. Lakini alikuwa amesema, "Hapo tu." Na ngozi aliyokuwa anaulizia ilikuwa tayari chini ya kisigino cha mwalimu mmoja wa Mumbuni, na ndani ya kiatu cha mkulima aliyekuwa amesharudi Ndithini.

"Sista," nikasema, "panya waliila."

Sanduku la viraka lilikuwa wazi katikati yetu. Akainama, akachomoa kipande cheusi, kipana kama vidole viwili, bado kina matundu ya sindano pembeni.

"Hiki naweza kuchukua?"

"Chukua tu, Sista."

Akakitia mfukoni, akaniambia nisalimie mke wangu. Kuhusu panya hakuuliza. Ningesimama nimfuate hadi barabarani, maana alitembea polepole, lakini mteja alikuwa anangoja soli na mimi nikaendelea kupaka gundi.

Siku hizi hutuma ujumbe kwa simu ya mwenyekiti. Anatusalimia kwa majina, hata mimi. Mwenyekiti huniuliza kama niko na la kumjibu. Namwambia amwambie sisi wazima.